Pikipiki moja, maoni mawili: kuelewa wanachosema waliojaribu pikipiki za spoti

Watu wawili wanaweza kupanda pikipiki ileile ya spoti ya cc 1000, asubuhi moja, barabara moja, mmoja akashuka akisema ni nyepesi na inaingia kona yenyewe, mwenzake akasema ni nzito, ngumu, na ukiilaza inataka kusimama. Wote wawili wamesema kweli. Walichopanda ni zaidi ya injini na fremu. Kulikuwa na upepo fulani kwenye matairi, springi zilizokazwa na mtu mwingine, hali ya kompyuta iliyochaguliwa kwenye dashibodi, joto la lami, na uzito wa miili yao wenyewe. Kimoja kikibadilika, sifa hubadilika, ilhali chuma ni kilekile.

Ndiyo maana maoni ya waliojaribu pikipiki yafaa yasomwe kama dalili anazotaja mgonjwa. "Kichwa kinauma" ni habari ya kweli, ila si jina la ugonjwa. Tuchukue malalamiko na sifa zinazorudiwa sana, tuzifuate hadi kwenye kifaa kinachohusika.

"Haina nguvu chini"

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu ubishi huu hauishi. Nguvu kwa kilowati ni torki (nguvu ya kuzungusha) kwa Nm, yaani nyutoni-mita, zidisha kwa mizunguko ya injini kwa dakika, kisha gawanya kwa 9,549. Honda CBR1000RR-R ya mwaka 2020 inatoa torki yake ya juu kabisa, Nm 113, kwenye mizunguko 12,500, na nguvu yake ya juu, kilowati 160, kwenye 14,500. Ducati Panigale V4 ya 2018, yenye cc 1,103, inafikisha Nm 124 kwenye mizunguko 10,000. Tofauti ya Nm 11 peke yake haimshangazi mtu barabarani. Kinachosikika ni kwamba moja imefika kileleni mizunguko 2,500 mapema kuliko nyingine.

Sasa mtu anayezunguka kwenye mizunguko 4,000 hadi 6,000, kama wengi tunavyoendesha barabarani, yuko mbali na mahali injini hizi zilipotengenezwa kufanyia kazi. Pistoni za injini ya spoti ni pana na mwendo wake ni mfupi. Za Honda hiyo ni milimita 81 kwa 48.5. Vali ni kubwa, na muda wake wa kubaki wazi umepangwa kwa hewa inayokimbia. Hewa ikienda polepole, silinda hazijai vizuri. BMW ilipoweka ShiftCam kwenye S 1000 RR ya 2019 ilikuwa inatibu ugonjwa huu: kamshafti (mhimili unaofungua vali) ya vali za kuingiza hewa ina nundu za aina mbili, na kwenye mizunguko 9,000 inahama kutoka nundu za chini kwenda za juu.

Sababu ya pili ni gia. Gia ya kwanza ya pikipiki ya spoti ya cc 1000 inaweza kuvuka kilomita 140 kwa saa kabla ya kufika mwisho wa mizunguko. Mtu akitembea mjini kwa gia ya tatu, injini iko karibu kulala, naye anailaumu kwa uvivu. Dawa ya kawaida ni kupunguza jino moja kwenye spoketi ya mbele, yaani gurudumu la meno linalovuta cheni. Kutoka meno 17 kwenda 16 ni kufupisha gia zote kwa karibu asilimia 6, na pikipiki inaamka mara moja. Gharama yake ni mizunguko mingi zaidi kwenye safari ndefu, na kwenye modeli ambazo spidomita inasoma kasi kutoka giaboksi, itaonyesha kasi kubwa kuliko ya kweli.

Ya tatu ni kompyuta, nayo ndiyo inayosahaulika. Pikipiki ya maonyesho hupitia mikono mingi. Aliyetangulia huenda aliiacha kwenye hali ya mvua. Modeli nyingi hupunguza torki kwenye gia za chini hata katika hali ya kawaida, na kidhibiti cha kuinuka gurudumu la mbele hukata nguvu bila kukuaga. Ukisoma "nguvu inakuja kwa kuchelewa", uliza kwanza ilikuwa kwenye hali gani.

Kuna takwimu moja inayopewa heshima kuliko inavyostahili: sekunde za kutoka 0 hadi 100. Pikipiki fupi yenye kitovu cha uzito juu haiwezi kuongeza kasi zaidi ya takriban 1 g (kama kitu kinavyoongeza kasi kikianguka) bila gurudumu la mbele kuondoka chini. Kwa 1 g, kilomita 100 kwa saa hufikiwa kwa sekunde 2.8. Nguvu farasi 150 zinatosha kufika kwenye ukuta huo, na farasi 210 hazikupitishi. Tofauti ya injini hizo inaonekana kuanzia kilomita 150 kwa saa kwenda juu, pale upepo unapoanza kudai sehemu kubwa ya nguvu. Kwa hiyo anayesema "sikuona tofauti na ya cc 600" baada ya kujaribu kwenye barabara ya mjini hajakosea hata kidogo.

Ukilinganisha namba, linganisha zilizopimwa mahali pamoja. Nguvu ya kwenye karatasi hupimwa kwenye krankshafti, mhimili wa injini unaozungushwa na pistoni. Kwenye gurudumu la nyuma hupungua kwa takriban asilimia 10 hadi 15, kwa kuwa giaboksi, cheni na tairi navyo vinakula. Uzito nao una ujanja wake. "Uzito mkavu" huacha nje mafuta, pengine oili na betri pia. Lita 17 za petroli peke yake ni karibu kilo 12.6, na zimekaa juu, mahali ambapo kila kilo inasikika ukiwa unabadilisha upande.

Yamaha YZF-R1 tangu 2009 imeleta aina nyingine ya maoni: watu husema wanalisikia tairi la nyuma kupitia mkono wa mafuta. Msemo huo una msingi wa kimakanika. Krankshafti yake imepangwa ili silinda ziwake kwa nafasi za digrii 270, 180, 90 na 180, badala ya kila digrii 180. Mpangilio huo unafuta sehemu kubwa ya mtikiso wa torki unaotokana na pistoni kupanda na kushuka, kinachobaki ni msukumo wa mlipuko wenyewe. Mkono unapokea ujumbe mmoja badala ya miwili iliyochanganyika.

"Nzito kugeuka"

Kabla ya kuilaumu fremu, pima upepo. Pikipiki nyingi za spoti zenye matairi ya saizi ya 120/70 ZR17 mbele na 190/55 au 200/55 nyuma hupendekezwa upepo wa psi 36 mbele na 42 nyuma kwa matumizi ya barabarani, yakiwa baridi. Tairi la mbele likishuka hadi psi 28, usukani unakuwa mzito, pikipiki inajibu kwa kuchelewa, na ukigusa breki ndani ya kona inataka kusimama. Upepo ukizidi, kinyume chake: inageuka kwa wepesi unaotia wasiwasi, na kila kokoto unaisikia mkononi.

Upimaji ufanywe tairi likiwa baridi, kabla ya kutoka. Psi 36 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi huwa karibu 43 hewa ya ndani ikifika nyuzi 60. Anayepima kituo cha mafuta baada ya nusu saa ya mwendo, akaona 42 na kupunguza hadi 36, ameondoka na tairi laini bila kujua. Kwenye uwanja wa mashindano mambo ni tofauti: huko upepo hupunguzwa kulingana na maagizo ya mtengeneza tairi, na matairi ya mashindano hupashwa moto kwa blanketi za umeme hadi karibu nyuzi 80. Hivyo sifa za mtu aliyejaribu uwanjani, kwenye matairi ya joto, zisibebwe moja kwa moja hadi kwenye barabara ya asubuhi yenye umande.

Umbo la tairi lina uzito kuliko umri wa pikipiki. Tairi la nyuma lililotembea sana barabara zilizonyooka huisha katikati na kuwa bapa. Unapoilaza pikipiki inakataa, halafu ikivuka ukingo wa ule ubapa inaanguka ghafla ndani ya kona. Mtu asiyejua husema "haitabiriki". Lete tairi jipya na pikipiki hiyohiyo inasifiwa. Tairi jipya nalo lina utelezi wa juujuu. Kilomita 100 hadi 150 za mwanzo liende kwa upole, ulazaji ukiongezwa kidogokidogo. Umri wa tairi unasomeka kwenye tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Ikishakuwa matairi ni mazuri, ndipo tuje kwenye maumbile ya pikipiki yenyewe. Pikipiki za spoti za siku hizi zina pembe ya usukani ya digrii 24 hivi kutoka wima, treili (umbali ambao tairi la mbele linagusa chini nyuma ya mstari wa usukani) ya karibu milimita 100, na umbali kati ya ekseli wa milimita 1,400 hadi 1,450. Ukiinua nyuma kwa milimita 5 tu, pembe inapungua kwa digrii 0.2, na mwendeshaji mzoefu anaisikia. Ndiyo sababu mtu wa kilo 100 na mtu wa kilo 65 hawawezi kupanda pikipiki moja. Chini ya yule mzito shokapu zote zinashuka. Akifungua mafuta kutoka kwenye kona nyuma inaketi zaidi, mbele inakuwa nyepesi, pikipiki inapanua mstari kwenda nje. Yule mwepesi kwenye kona ileile anasema inakata kama kisu.

Vitu vinavyozunguka navyo hupinga kulazwa. Rimu nyepesi za alumini iliyofuliwa zinabadilisha hisia kuliko namba ya uzito inavyoonyesha, kwa sababu uzito uliotolewa ni ule wa pembeni, unaozunguka kwa kasi. Panigale V4 ina krankshafti inayozunguka kinyume na magurudumu, nayo inafuta sehemu ya ukaidi huo.

"Ngumu, inagonga"

Hapa ndipo maoni mengi hupotea njia. Neno "ngumu" linaweza kumaanisha mambo matatu yanayopingana, na anayelisema hawezi kuyatenganisha bila kupima: springi ngumu kuliko uzito wake, oili ya shokapu inayopita kwa shida, au springi laini mno kiasi kwamba shokapu imeshashuka hadi karibu na mwisho wa safari yake. Hali ya tatu ndiyo inayodanganya. Shokapu iliyoketi chini kabisa haina nafasi iliyobaki, kila shimo linafika kwenye uti wa mgongo, na mwenyewe analegeza zaidi akidhani anaponya.

Kipimo cha kwanza ni sagi, yaani kiasi ambacho pikipiki inashuka kwa uzito wake na wa mwendeshaji. Inahitaji watu watatu na tepu. Kwa nyuma, inua pikipiki hadi gurudumu lining'inie, pima wima kutoka katikati ya ekseli hadi alama uliyoweka kwenye mkia, andika. Ishushe isimame kwa uzito wake peke yake, pima tena. Kisha mwendeshaji apande akiwa amevaa kila kitu, helmeti na buti pamoja, akae mkao wake wa kuendesha na miguu kwenye vikanyagio, mtu mmoja akiishikilia mbele isianguke; pima mara ya tatu. Kwa kuwa mihuri ya oili ina msuguano, bonyeza kiti uache kiinuke polepole na usome, halafu inua kidogo uache kishuke na usome, uchukue wastani. Mbele hufanywa vivyo hivyo kwa kupima bomba la shokapu linaloonekana.

Kwa barabara, sagi ya mwendeshaji ya milimita 30 hadi 40 inafaa. Uwanjani wengi hukaa kati ya 30 na 35. Nyuma, pikipiki peke yake ishuke milimita 5 hadi 10. Namba hizi mbili zikisomwa pamoja zinafichua springi. Kama umekaza springi hadi sagi ya mwendeshaji ikawa sahihi, lakini pikipiki peke yake haishuki kabisa, springi ni laini mno kwa uzito wako, nawe unailazimisha kwa mkazo. Kama peke yake inashuka milimita 20, springi ni ngumu mno. Hapo hakuna kukaza wala kulegeza kutakakosaidia, ni kubadilisha springi. Viwanda hutengeneza kwa mwendeshaji wa wastani, mara nyingi kilo 70 hadi 80, kwa hiyo mtu wa kilo 105 asishangae.

Baada ya springi ndipo skrubu za oili, zinazodhibiti oili inavyopita ndani ya shokapu: moja ya kubana inaposhuka, moja ya kurudi inaponyooka. Funga kwa upole hadi mwisho ukihesabu kliki, andika namba hiyo, kisha rudi ulipokuwa. Bila namba hiyo huwezi kurudi nyumbani. Skrubu ya kurudi ndiyo ya kuanza nayo. Bonyeza kiti kwa nguvu na uachilie: kiti kiinuke mara moja na kusimama, bila kurukaruka na bila kuvutwa kama mlango wenye springi mbovu. Kurudi kukiwa kwa haraka, pikipiki inaruka baada ya tuta kama kiti cha baiskeli. Kukiwa kwa polepole mno, shokapu haiwahi kunyooka kati ya tuta moja na jingine, kila tuta linaichukua chini zaidi, hadi inakuwa ngumu kama gogo. Dalili ni hii: tuta la kwanza ni zuri, la tatu linauma. Skrubu ya kubana ikizidi kufungwa, mikwaruzo midogo ya lami inafika mkononi. Ikizidi kulegea, pua inazama ukigusa breki tu.

Funga kamba ya plastiki kwenye bomba la shokapu ya mbele, isukume hadi kwenye muhuri, kisha nenda ukaendeshe kama kawaida. Mahali itakapobaki ndipo shokapu ilipofika. Pikipiki hizi zina safari ya milimita 120 hivi mbele. Baada ya breki kali kabisa, ikibaki nafasi ya milimita 10 hadi 20 ni vizuri. Ikibaki 50, una springi ngumu au unaogopa breki, na la pili si dhambi.

Badilisha kitu kimoja kwa mara moja, kliki mbili mbili. Anayebadilisha vitu vitatu akapata nafuu hajui ni kipi kilichomponya.

Mafuta yanayoshtua na usukani unaotikisika

"Mkono wa mafuta unashtua kwenye kona za polepole" ni lalamiko la haki, na mara nyingi linaanzia kwenye cheni. Ukifunga mafuta, kompyuta hukata petroli kabisa. Ukifungua tena, injini inawaka ghafla na kuvuta ulegevu wote wa cheni kwa mpigo. Cheni iliyolegea kwa milimita 60 wakati kitabu kinataka 35 itafanya injini nzuri ionekane haina adabu. Pima katikati ya cheni, gurudumu likizungushwa hadi mahali inapokaza zaidi, kwa kuwa cheni iliyochakaa haina ulegevu mmoja kote. Kwenye pikipiki ambazo mkono wa mafuta huvuta waya, hakikisha una mchezo wa milimita chache tu. Kwenye zile ambazo mkono wa mafuta hutuma ishara ya umeme kwa kompyuta, jaribu hali nyingine ya injini kabla ya kuhukumu. Na hata ikiwa kila kitu kiko sawa, gia moja juu na breki ya nyuma iliyoguswa kidogo wakati wa kufungua hulainisha mambo, maana cheni haipati nafasi ya kulegea.

Kwikshifta, kifaa cha kubadilisha gia bila klachi, huleta maoni yanayopingana kwa sababu hiyohiyo ya mzigo. Imetengenezwa kupandisha gia mafuta yakiwa wazi na mizunguko ikiwa juu. Huko inateleza kama siagi. Ukiitumia kwenye mizunguko 3,500 na mafuta nusu, inapiga. Huko chini tumia klachi, hakuna aibu.

Usukani unaotikisika kulia na kushoto ukiongeza kasi juu ya lami mbovu unatokea gurudumu la mbele likiwa limepungukiwa uzito, likigusa chini likiwa limepinda kidogo. Dampa ya usukani, kifaa cha kutuliza mtikiso, ipo kwa ajili hiyo. Kung'ang'ania mishikio kunazidisha. Bana tangi kwa magoti, legeza viwiko. Lakini kama unatikisika ukiwa kilomita 70 kwa saa na mafuta yamefungwa, tafuta kwenye tairi la mbele lililoliwa vibaya, gurudumu lisilo na mizani, au beringi za usukani. Beringi hujaribiwa hivi: inua mbele, shika shokapu kwa chini, sukuma na vuta, mlio wa "ko" ni ulegevu. Zungusha usukani polepole kutoka upande hadi upande. Ukikwama kidogo katikati, beringi zimechimbika.

Breki

Breki za kisasa zina uwezo kuliko matairi na maumbile ya pikipiki yanavyoruhusu. Ukomo ni uleule wa 1 g, safari hii gurudumu la nyuma ndilo linaloinuka. Kwa 1 g, kutoka kilomita 100 kwa saa unahitaji karibu mita 39. Kutoka 200, mita 157, bila kuhesabu muda wa kushtuka. Kwa hiyo anaposema mtu "breki zake zina nguvu zaidi", kwa kawaida anazungumzia jinsi zinavyong'ata mguso wa kwanza, na hilo ni suala la aina ya pedi.

Pedi mpya ambazo bado hazijasuguana vya kutosha na diski hudanganya. Punguza kasi kutoka 80 hadi 20 mara kumi hivi, kwa nguvu ya wastani, bila kusimama kabisa, ukiziacha zipoe kati ya moja na nyingine. Mshiko wa breki ukiwa laini kama sifongo tangu mwanzo, kuna hewa kwenye mfumo. Ukiwa mzuri asubuhi lakini ukafika hadi karibu na mkono baada ya mizunguko kadhaa ya uwanja, oili ya breki imechemka. Oili ya breki ya aina ya DOT 4 hunyonya maji kutoka hewani na yafaa ibadilishwe kila miaka miwili.

Mwili na dakika 15

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na dakika 15 za majaribio si kulala. Mishikio ya chini huweka uzito wa kifua kwenye vifundo vya mikono kwenye mwendo wa polepole. Ukivuka kilomita 100 kwa saa, upepo unaanza kukuinua kifua na maumivu yanapungua. Mtu aliyejaribu kwenye barabara kuu atasema mkao ni mzuri, aliyejaribu kwenye foleni atasema ni mateso. Magoti nayo: vikanyagio vya juu havimsumbui mtu kabla ya dakika 40 au 45, hasa mwenye miguu mirefu. Ganzi ya vidole hutokana na mtetemo wa injini ukichanganyika na mikono inayobeba uzito ambao tumbo na mapaja yangeubeba.

Joto halihitaji maelezo marefu. Injini za V4 zina silinda mbili karibu na mapaja yako, na feni ikiwaka kwenye foleni hewa ya moto lazima itoke mahali. Jaribu pikipiki mchana, kwenye mwendo wa polepole, angalau dakika kumi.

Ukiijaribu wewe

Kabla ya kuwasha: pima upepo, soma tarehe na umbo la matairi, angalia ulegevu wa cheni, weka mishiko ya breki na klachi ilingane na mikono yako, na uone hali ya injini iliyochaguliwa. Uliza imetembea kilomita ngapi. Pikipiki ambayo haijamaliza kilomita 1,000 za kulainishwa imewekewa kikomo cha mizunguko na kiwanda, shokapu zake bado zina ukakasi, na hukumu juu ya injini yake ni ya mapema. Kama ni ya mtu mwingine, muulize uzito wake. Jibu lake litakueleza kuhusu shokapu kuliko kipeperushi chochote.

Barabarani, tafuta vitu vinne katika njia moja: lami mbovu iliyonyooka, kona ya polepole ya gia ya pili, kona ndefu ya kasi, na mahali salama pa kufunga breki kwa nguvu. Kwenye kona ndefu, legeza mikono kidogo uone kama inashika mstari, inaingia ndani au inatoka nje. Kwenye lami mbovu, tofautisha mikwaruzo midogo na tuta kubwa, maana kila kimoja kina skrubu yake. Andika ukishashuka, kabla hujasikia maoni ya mwingine. Hisia hukopesheka upesi.

Ukilinganisha pikipiki mbili, usiishie kwenye safari mbili. Panda ya kwanza, panda ya pili, kisha rudi kwenye ya kwanza kwa njia ileile. Mara nyingi ile ya kwanza, uliyoiona nzito saa moja iliyopita, inaonekana nyepesi ukiirudia. Hapo ujue matairi yamepata joto, au ni wewe uliyepata joto, na tofauti hiyo uitoe kwenye hesabu kabla ya kuandika lolote kuhusu ya pili.